Kabla ya Kumfukuza Mwanafunzi Mlevi, Tuuelewe Ubongo Wake

Majuzi nilialikwa kuzungumza na wanafunzi wa shule moja ya upili iliyoko baina ya Diani na Msambweni juu ya madhara ya vileo. Nilisimama nikayasema yale ambayo sisi walimu tumezoea kuyasema: kwamba pombe si chai, kwamba bangi huharibu akili, na kwamba mtoto mwema hujiepusha na vyote viwili. Wanafunzi walinisikiliza kwa adabu, kama mtu anavyoisikiliza mvua ikinyesha juu ya mabati. Nilipowapa nafasi ya kuuliza maswali, kijana mmoja aliyeketi safu ya nyuma aliinuka akasema: "Shikamoo mwalimu. Nimesoma kwamba ubongo wa binadamu unatengeneza bangi yake wenyewe. Basi ikiwa Mwenyezi Mungu ameitia bangi vichwani mwetu, mbona serikali inatufunga kwa kuivuta?"

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Mwalimu wa zamu alimkaripia yule kijana, naye akaketi. Mimi, niliyefundisha biolojia kwa zaidi ya miaka 20, nilibabaika, nikasema kwamba swali hilo tutalijadili siku nyingine. Njiani nikirudi nyumbani nafsi ilinisuta. Kijana yule hakuwa mtovu wa adabu. Alikuwa ameshika nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ndiyo inayompoteza mtu upesi kuliko uongo mtupu. Wajibu wangu ulikuwa kumpa nusu ya pili. Kwa kuwa sikuitoa siku ile, naitoa leo katika safu hii, nikitumaini kwamba itamfikia yeye, na walimu wenzangu pia, kwa sababu ndani ya swali lake mna jambo zito linalohusu watoto wetu wa Kwale ambao pombe imewashika.

Tuanze na ukweli alioushika. Bangi ni mmea wa kale, na hata jina lake tumelipata kutoka ng'ambo ya Bahari ya Hindi, kwa Wahindi na Waajemi. Hata hivyo, watu waliivuta kwa karne nyingi bila kujua ni kitu gani ndani yake kinacholewesha. Mwaka 1964 wanakemia wawili wa Israeli, Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni, walikitenga kiini chake kikuu, ambacho kwa kifupi huitwa THC. Swali likabaki: kiini hicho kikiingia mwilini, hushika wapi? Jibu lilipatikana mwaka 1988, pale Allyn Howlett na William Devane walipogundua huko St. Louis, Marekani, kwamba seli za ubongo zina vipokezi maalumu ambavyo THC huvishika kama ufunguo unavyoshika kufuli.

Hapo wataalamu walijiuliza swali ambalo hata mtoto mdogo angeliuliza: je, kufuli hizi zimewekwa kwa ajili ya nani? Haiyumkiniki kwamba mwili uliumbwa ukingoje moshi wa msokoto. Mwaka 1992 Devane, akifanya kazi Jerusalem pamoja na Lumír Hanuš na Mechoulam, aligundua kemikali inayotengenezwa na ubongo wenyewe, nayo huvishika vipokezi vile vile. Wakaipa jina la anandamidi, kutokana na neno la Kisanskriti lenye maana ya raha. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1995, ikatambuliwa ndugu yake, ambayo ubongo unayo kwa wingi zaidi. Kemikali hizi, pamoja na vipokezi vyake, ndizo zinazoitwa mfumo wa kanabinoidi wa ubongo.

Kwa hiyo kijana hakukosea aliposema kwamba ubongo una kitu kinachofanana na bangi. Alikosea aliposema kwamba kitu hicho ni bangi. Kitasa cha mlango hakikutiwa kwa ajili ya mwizi, ingawa mwizi mwenye ufunguo bandia hukifungua. Mwenye nyumba hufungua mlango mmoja, kwa haja moja, kisha akaufunga. Mwizi huifungua milango yote kwa wakati mmoja na kuiacha wazi usiku kucha. Ndivyo zilivyo kemikali za ubongo na THC. Za ubongo hutengenezwa pale zinapohitajika tu, kwa kiasi kidogo, kisha huvunjwa hapo kwa hapo. THC humwagika katika ubongo mzima na kukaa kwa saa nyingi, na haiulizi ni seli gani inayoihitaji na ipi isiyoihitaji.

Je, kazi ya kemikali hizi ni ipi? Nitatoa mfano ambao mtoto yeyote wa Kwale ataufahamu. Mkwezi yuko juu ya mnazi anaangua madafu. Chini yupo mwenzake anayeyakusanya. Madafu yakianguka kwa kasi, aliye chini hupaza sauti: "Basi kwanza! Pumzika kidogo!" Mkwezi akisikia, hupunguza. Katika ubongo, seli moja ya neva hurusha ujumbe wa kikemikali na nyingine huupokea. Kwa kawaida ujumbe huenda upande mmoja tu, kutoka juu kwenda chini. Mfumo wa kanabinoidi hufanya kinyume. Seli inayopokea, ikiona ujumbe umezidi, hutengeneza kemikali hizi kutokana na mafuta ya utando wake yenyewe na kuzirudisha juu kwa seli inayorusha, kuiambia, "Basi kwanza." Jambo hili lilithibitishwa mwaka 2001. Sauti hii ya kutoka chini ndiyo inayosaidia ubongo kutuliza hofu, kupunguza maumivu, kuamsha hamu ya chakula na kuusahau mshtuko uliokwisha kupita. Ni sauti ya kiasi.

Sasa tuje kwenye pombe. Msomaji atauliza: pombe na bangi vina uhusiano gani? Pombe haina ufunguo wa kufuli hii. Huingia kwa milango mingi, na mingine haihusiani kabisa na mfumo huu. Lakini mojawapo ya njia zake hupita hapa hapa. Katika kilindi cha ubongo mna seli zinazotoa dopamini, kemikali inayomwambia mtu, "Jambo hili ni zuri, lirudie." Seli hizo zina mabawabu wao, yaani seli nyingine zinazozizuia zisitoe dopamini ovyo. Mtu anapokunywa pombe, sauti ile ya kanabinoidi hupazwa, nayo huwaambia mabawabu, "Basi kwanza." Mabawabu wakinyamaza, dopamini humwagika, na ubongo huandika katika daftari lake kwamba tembo ni jambo la kurudiwa.

Ushahidi wa jambo hili umetokana kwanza na panya. Panya waliozaliwa bila kipokezi kikuu cha kanabinoidi hunywa pombe kidogo kuliko wenzao. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani walionyesha pia kwamba panya wachanga wanaopenda sana pombe, wakipewa dawa ya kuziba kipokezi hicho, unywaji wao hushuka hadi kiwango cha wale wasiokuwa nacho kabisa.

Lakini linalotuhusu zaidi ni lile linalotokea pombe inaponyweka kila siku. Sauti ikipigwa mchana na usiku, anayeisikia huziba masikio. Katika ubongo wa mnyama aliyenyweshwa pombe kwa muda mrefu, vipokezi hupungua na kufifia. Kwa upande wa binadamu, watafiti wa Marekani walichapisha mwaka 2013 vipimo vya picha za ubongo wa watu waliokuwa watumwa wa pombe. Waliona kwamba vipokezi vyao vilikuwa pungufu kuliko vya watu wengine, na kwamba hata baada ya wiki mbili hadi nne bila tone la pombe havikuwa vimerejea. Ni kweli kwamba uchunguzi mwingine umetoa picha tofauti, na wataalamu bado wanajadiliana. Hata hivyo, picha hii inalingana na yale ambayo mtu aliyeacha pombe atakueleza bila kupita katika maabara yoyote: usingizi umemhama, moyo unamdunda bila sababu, na raha ndogo ndogo za maisha, kama vile kupunga upepo jioni au kula wali wa nazi pamoja na jamaa, hazina ladha tena. Sauti ya kiasi haisikiki. Mtu huyo harudii pombe ili astarehe. Huirudia ili awe kama alivyokuwa kabla hajaijua.

Hapa lazima nitoe tahadhari, kwa kuwa elimu isiyo na unyenyekevu hugeuka kuwa uganga. Wataalamu walipoona matokeo ya panya, walidhani wamepata tiba. Kulikuwa na dawa ya kuziba vipokezi hivyo iliyoitwa rimonabanti, ambayo Ulaya iliiruhusu mwaka 2006 kwa ajili ya kupunguza unene. Ilipojaribiwa kwa watu wanaokunywa pombe kupita kiasi, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 na 2010 hayakuonyesha nafuu ya maana kuliko kidonge kisicho na dawa. Isitoshe, baadhi ya watu walioimeza kwa ajili ya unene walishikwa na huzuni kubwa, na wengine wakawaza kujiua. Mwaka huo wa 2008 ikaondolewa sokoni. Ukiinyamazisha sauti ile kabisa, humnyamazishi mlevi peke yake. Unamnyamazisha hata mtu aliyekuwa akiitegemea kutuliza huzuni yake. Binadamu si panya, na ulevi wake hautokani na kipokezi kimoja.

Na sasa nirudi nyumbani, maana sisi hatuishi katika maabara. Pwani yetu ya kusini ni nchi ya minazi. Toka Tiwi hadi Vanga, mnazi ni nyumba kwa makuti yake, ni mchuzi kwa tui lake, na ni kipato kwa nazi na madafu yake. Na ni tembo pia. Mgema hupanda asubuhi na jioni, hukata ncha ya karara changa na kutundika chombo chake. Utomvu ukitoka ni mtamu kama maji ya sukari, lakini hamira ya hewani huuingia papo hapo, na kabla jua halijatua umekuwa kileo chenye nguvu inayokaribia bia. Ukilazwa sana huwa siki. Kwa wazee wengi wa Kimijikenda, tembo lilikuwa na mahali pake: katika posa, katika matambiko, katika kusuluhisha ugomvi. Lilikuwa na umri wake na saa yake. Wapo pia majirani zetu wengi, hasa Wadigo Waislamu, ambao kwao ni haramu na haliingii nyumbani. Mila ililiwekea tembo mpaka, na dini ikalikataza, kwa hiyo kila upande ulikuwa na ukuta wake.

Ukuta huo umebomoka. Siku hizi tembo huuzwa katika mangwe kwa yeyote mwenye sarafu mkononi, na mtoto aliyetumwa kuliuza huanza kwa kulionja. Kandokando ya barabara ya Ukunda, bia za watalii na pombe kali za chupa ndogo ziko jirani na tembo na chang'aa, na msokoto wa bangi hauko mbali. Kijana aliyemaliza shule akakosa kazi, hoteli zinapopungukiwa na wageni, au baada ya machimbo ya titani ya Kwale kusita mwishoni mwa 2024, hana la kufanya kutwa ila kukaa kijiweni. Uchunguzi wa taifa uliotolewa na NACADA mwaka 2022 ulionyesha kwamba, miongoni mwa Wakenya wenye umri wa miaka 15 hadi 65, mmoja kati ya kila wanane anakunywa pombe, na mmoja kati ya kila 20 ametekwa nayo. Msomaji na ahesabu watu waliomo katika matatu mbili: kwa wastani, mmoja wao ni mateka.

Nami naijua sura ya mmoja wa mateka hao. Miaka mingi iliyopita nilikuwa mwalimu wa nidhamu katika shule ambayo sitaitaja. Kulikuwa na mvulana wa kidato cha tatu, mtoto wa mgema, hodari sana wa hisabati. Alianza kuchelewa. Alinuka tembo. Asubuhi mikono yake ilitetemeka hata kalamu ikamponyoka, nami nilidhani anatetemeka kwa kuniogopa, na jambo hilo, Mungu anisamehe, lilinifurahisha. Nilimchapa, kwa kuwa wakati ule kiboko kilikuwa bado hakijapigwa marufuku. Kilipigwa marufuku mwaka 2001. Hakubadilika. Tukamwita baba yake.

Mzee alikuja kwa miguu, miguu yenyewe ikiwa na sugu za kupanda minazi. Yeye mwenyewe hakuwa akionja tembo. Alikuwa akiligema tu kwa ajili ya riziki. Alituamkia kwa heshima, akaketi kwenye ukingo wa kiti, akasema: "Walimu wangu, mtoto huyu si mtundu. Tembo limemshika. Nimempiga, nimemfungia ndani, nimempeleka kwa sheikh akamwombea dua. Siku ile nilipomfungia alitapika, akatokwa jasho, akaona wadudu ukutani wasiokuwapo. Nikaogopa kuwa atanifia, nikamfungulia. Nyinyi mmesoma. Niambieni nifanye nini."

Walimu sita tulikuwa katika chumba kile, na hakuna aliyemjibu. Tulikuwa na shahada na vyeti vyetu, nami nilikuwa nikiufundisha mfumo wa neva mwaka baada ya mwaka, lakini hakuna aliyejua kwamba mzee yule, asiyejua kusoma, alikuwa ametueleza dalili za maradhi neno kwa neno kama zilivyo katika vitabu vya tiba. Tulimwandikia barua ya kumfukuza mwanawe shule. Mzee aliipokea kwa mikono miwili.

Sasa najua tuliyopaswa kumwambia. Mtu aliyezoea kunywa sana kila siku, akikatizwa ghafla, ubongo wake huwaka kama jiko lililopulizwa. Kutetemeka na kutokwa jasho huanza ndani ya saa chache. Katika siku mbili za kwanza anaweza kushikwa na kifafa, na kuanzia siku ya pili hadi ya nne anaweza kuweweseka na kuona visivyokuwapo. Hali hii inaweza kuua. Kumfungia chumbani mtu wa namna hii ili "imtoke" ni hatari, ijapokuwa nia ni njema. Mahali pake ni hospitali, ambako atapewa dawa za kumtuliza, vitamini za aina ya B1, maji, na uangalizi. Mzee alipomfungulia mwanawe mlango, huenda aliyaokoa maisha yake. Sisi tuliomfungia mlango wa shule hatukuokoa chochote.

Najua kuna watakaosema: "Mwalimu, unawapa walevi kisingizio. Kesho kila mlevi atasema si mimi, ni vipokezi vyangu." Hoja hii ni nzito na nimeitafakari. Jibu langu ni kwamba maradhi hayamwondolei mtu wajibu. Mwenye ugonjwa wa sukari hakuuchagua ugonjwa wake, lakini bado ni juu yake kumeza dawa na kuacha soda. Vivyo hivyo aliyetekwa na pombe ana wajibu wa kutafuta msaada na kuupokea. Lakini wajibu huo ni pande mbili. Hatuwezi kumwambia "jitibu" pasipo na tiba, wala "jizuie" hali kile kinachomzuia ndicho kilichoumia. Dini pia haipingani na haya. Waumini wanasema pombe ni haramu, nami sina la kupinga. Lakini haramu imekatazwa kwa sababu ina madhara, na aliyekwisha kudhurika anastahiki huruma na matibabu kama majeruhi mwingine yeyote.

Kwa hiyo, kijana wangu wa safu ya nyuma, hili ndilo jibu lako. Ubongo wako una sauti ya kiasi. Katika umri wako sauti hiyo bado inajifunza kusema, maana ubongo hukua hadi mtu anapofikia miaka ishirini na kitu, na mfumo huu ni miongoni mwa mafundi wanaoujenga. Bangi huigiza sauti hiyo kwa kelele, na pombe huilazimisha ipayuke. Zote mbili humfikia fundi akiwa bado juu ya ngazi. Utafiti mkubwa uliofanywa Marekani katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba, kati ya walioanza kunywa kabla ya miaka 15, takriban asilimia 40 waliishia kutekwa na pombe wakati fulani maishani. Kwa walioanza baada ya kutimiza miaka 20, ni takriban asilimia 10. Huenda si umri peke yake unaoleta tofauti hiyo, kwani anayeanza mapema mara nyingi ana matatizo mengine nyumbani. Hata hivyo, tofauti ya mara nne si ya kudharauliwa. Na kama sheria inapaswa kumfunga mvuta bangi ama kumpeleka hospitali, hilo ni swali jingine, nalo una haki ya kuliuliza bila ya mtu kukukaripia.

Na kwenu, walimu wenzangu, nina mambo matatu. Kwanza, tuifundishe elimu hii darasani waziwazi, kwa lugha ambayo mtoto ataielewa. Mahubiri ya "usinywe" yamekuwapo toka enzi za wamisionari na hayakukausha mangwe hata moja. Mtoto akijua ni kwa nini mikono hutetemeka, ataitambua dalili hiyo kwake, kwa rafikiye, au kwa baba yake.

Pili, tuache kulifanya karatasi la kumfukuza mwanafunzi kuwa tiba. Mtoto anayenuka pombe saa mbili ya asubuhi na kutetemeka anahitaji kufikishwa hospitali kabla ya kufikishwa mbele ya kamati ya nidhamu. Shule ndiyo pengine mahali pekee penye mtu mzima anayemtazama usoni kila siku. Tukimwondoa hapo, tumemkabidhi mangweni kwa barua yenye muhuri.

Tatu, tuidai serikali haki yetu. Katiba ya 2010 imezipa kaunti huduma za afya, utoaji wa leseni za vileo, na udhibiti wa dawa za kulevya. Mambo haya matatu yako katika mikono ya serikali moja, na huko Kwale hatuna sababu ya kuona mkono mmoja ukikusanya ada za leseni huku mwingine ukikosa kitanda cha kumlaza mlevi anayetetemeka. Sehemu ya ada hizo na igharimie matibabu ya waliotekwa, kutoka Kinango hadi Lunga Lunga, ili mgema asilazimike kuuza mbuzi wake wa mwisho ndipo mwanawe atibiwe. Dawa zenyewe zipo. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliziingiza katika orodha yake ya dawa muhimu mbili za kumsaidia mtu aliyeacha pombe asiirudie, naltreksoni na akamprosati. Si miujiza, lakini zimejaribiwa kwa binadamu na zinawafaa wengi, hasa zikiandamana na ushauri.

Serikali ya taifa nayo, katika sera iliyotangazwa Julai 2025, imependekeza umri wa kuruhusiwa kunywa pombe upandishwe kutoka miaka 18 hadi 21. Kwa mujibu wa niliyoyaeleza, pendekezo hilo lina mantiki ya kisayansi. Lakini sheria ya 2010 tayari inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18, na sote tunawaona watoto wakiuziwa mchana kweupe. Kuupandisha ukuta ambao mlango wake haufungwi si kazi kubwa. Tuufunge mlango kwanza.

Mwaka jana nilishuka Ukunda kununua samaki. Mtu mmoja mwenye mvi alinijia akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Shikamoo, mwalimu. Hunikumbuki?" Nilimkumbuka kwa mikono kabla ya uso, maana ilikuwa bado inatetemeka. Sasa ni mchukuzi wa mizigo stendi. Hakunilaumu wala hakuniomba kitu. Aliuchukua mfuko wangu wa samaki hadi kwenye gari, na muuza samaki alipokosea chenji yangu, aliisahihisha hesabu kichwani kabla sijafungua kinywa. Nilimuuliza kama angekubali tufuatane hospitalini. Alicheka, kisha akanyamaza, kisha akauliza: "Watanipokea, mwalimu?"

Sikuwa na uhakika wa kumpa. Tulikwenda hata hivyo, na siku ile alipokewa. Je, wangapi hawana wa kufuatana naye?